TAMKO KUHUSU BANGI, WAZEE WETU NA MAZUNGUMZO NA DAKTARI

Sisi wauguzi, wafamasia, wakalimani wa hospitali na walezi wa wazee majumbani, tunaozungumza Kiswahili na kufanya kazi katika miji mbalimbali ya Marekani, tumekutana katika mkutano mkuu wa chama chetu na tunatoa tamko hili kwa wazee wetu, kwa watoto na wajukuu wanaoishi nao, kwa viongozi wa dini na wa jumuiya, na kwa madaktari wanaowatibu.

Tunatamka jambo moja. Mzee anayetumia bangi, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote, ana haki ya kumweleza daktari wake faraghani bila kuaibishwa, na daktari ana wajibu wa kumuuliza. Hatukukutana kuamua kama bangi ni halali au haramu. Ndani ya ukumbi walikuwamo Waislamu na Wakristo, wenye kuichukia bangi na wenye kuiona kuwa dawa, na kila mmoja ameondoka na msimamo wake. Tulichokubaliana sote ni kwamba ukimya uliopo sasa unawaumiza wazee, na tunauona ukiwaumiza zamu baada ya zamu.

Wapo watakaouliza kwa nini tunazungumzia bangi na wazee badala ya bangi na vijana. Mwaka 2006 na 2007, utafiti wa taifa wa matumizi ya dawa za kulevya nchini Marekani ulikuta kwamba miongoni mwa watu wa miaka 65 na kuendelea, waliotumia bangi ndani ya mwaka mzima hawakufika hata nusu ya asilimia 1. Mwaka 2021, waliosema wameitumia ndani ya mwezi mmoja tu uliopita walikuwa asilimia 4.8. Mwaka 2023 wakawa asilimia 7. Chuo Kikuu cha Michigan nacho, katika uchunguzi wake wa maoni kuhusu afya ya watu waliovuka miaka 50, kilikuta kwamba asilimia 21 walitumia bangi yenye kulevya angalau mara moja ndani ya mwaka, na kwamba kati ya wanaoitumia kila mwezi, asilimia 44 hawajaizungumzia na mhudumu wao wa afya. Jimbo la California, lililokuwa la kwanza kuruhusu bangi ya matibabu mwaka 1996, lilikuwa na safari 366 za wazee kwenye vyumba vya dharura zilizohusishwa na bangi mwaka 2005. Mwaka 2019 safari hizo zilikuwa 12,167.

Wazee wetu wamo humo. Wamo Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakakaa makambini Tanzania zaidi ya miaka 30, kisha wakaletwa Marekani kuanzia mwaka 2007 wakiwa tayari watu wazima. Wamo Wakongo wa Kivu walioletwa baada yao, na akina mama wa Kenya na Tanzania walioitwa na watoto wao waje kulea wajukuu. Ni watu ambao magoti yamechoka kwa jembe, kisha yakachoka tena kwa kusimama kiwandani kwenye baridi ya nyama. Kisukari kimewachoma nyayo. Usingizi wengine waliuacha walikotoka. Mtu wa namna hii akiambiwa na jirani kwamba kuna pipi ya jeli ambayo ukiila usiku unalala mpaka alfajiri, na akaiona imepangwa dukani kwenye kopo safi lenye picha ya matunda, hana sababu ya kuiogopa. Haina moshi wala harufu, na haifanani hata kidogo na ule msokoto aliokuwa akikemea watoto wa mtaani wasiuguse.

Sheria nazo zimechanganyika kiasi cha kumvuruga hata aliyezaliwa huku. Mzee aliyeko Portland, Maine, au Grand Rapids, Michigan, anaingia dukani na kununua kwa kuonyesha kitambulisho. Minnesota imeruhusu tangu Agosti 2023. Mwenzake wa Louisville, Kentucky, anahitaji cheti cha daktari, na utaratibu huo ulianza Januari 2025 tu. Texas haina maduka ya aina hiyo, lakini baada ya sheria ya kilimo ya mwaka 2018, pipi zenye kemikali zilizotolewa kwenye mmea wa jamii ya bangi zilianza kuuzwa mpaka kwenye vituo vya mafuta. Na juu ya majimbo yote kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, ambayo bado inaihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa. Tutairudia sheria hiyo, maana ndiyo inayofunga midomo ya wengi.

Kwanza mwili. Bangi ina kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazotajwa zaidi. THC ndiyo inayolevya. CBD hailevyi, na kwa sababu hiyo huuzwa kana kwamba ni maji ya matunda, lakini ina nguvu zake. Mwili wa mzee una mafuta mengi zaidi na misuli michache zaidi kuliko alipokuwa kijana, na THC hujificha kwenye mafuta. Ini na figo hufanya kazi polepole. Kwa hiyo kiasi kinachompitia mjukuu bila shida kinaweza kukaa ndani ya bibi yake mpaka kesho yake mchana. Bangi yenyewe nayo si ile ya zamani. Sampuli zilizokamatwa na serikali mwaka 1995 zilikuwa na THC ya karibu asilimia 4, na zile za mwaka 2021 zilivuka asilimia 15.

Tunaomba kila nyumba ielewe jinsi pipi inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo ajali nyingi zinapoanzia. Moshi hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Pipi hupita kwanza tumboni na kwenye ini. Huchukua nusu saa mpaka saa mbili kabla haijaonekana, na ikishaonekana inaweza kukaa saa sita, saa nane, hata zaidi. Tazama basi usiku unavyokwenda. Mama anakula pipi moja ya miligramu 10 saa mbili usiku, baada ya isha na chakula. Saa tatu hajaona kitu, anadhani ameuziwa sukari. Anakula ya pili. Saa tano zinamfika zote mbili. Saa saba anaamka kwenda msalani, moyo unamdunda, shinikizo la damu linashuka ghafla anaposimama, chumba kinazunguka, anatafuta ukuta na kuukosa. Anaokotwa na kijana wake chini, maneno yakiwa hayatoki vizuri. Gari la wagonjwa linafika, na hospitali inamtafutia kiharusi kwa picha za kichwa, kwa sababu ndivyo anavyoonekana. Kopo liko pale pale kando ya kitanda, karibu na kile kisanduku cha dawa chenye vijumba saba vya siku saba za wiki, na hakuna aliyelitaja.

Kisanduku hicho ndicho kinachotutia hofu zaidi sisi wafamasia. Mzee anayemeza warfarini ili damu isigande anaishi kwenye mstari mwembamba, ndiyo maana anapimwa damu mara kwa mara. CBD huzuia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja warfarini, dawa inabaki nyingi mwilini, na damu inakuwa nyepesi kupita inavyotakiwa. Daktari akiona kipimo kimebadilika bila sababu atapunguza dozi. Chupa ya mafuta ya CBD ikiisha na mzee asinunue nyingine, kipimo kinageuka upande wa pili, na sasa hatari ni donge la damu. Daktari anakimbizana na kitu asichokijua. Pamoja na hayo, bangi huongeza usingizi wa dawa za usingizi, za wasiwasi na za maumivu makali, na humzidishia kizunguzungu anayetumia dawa za kushusha shinikizo la damu. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mashine ya kuligundua. Yote yanahitaji mzee aseme na mfamasia asikie.

Kabla ya upasuaji kusema ni lazima zaidi. Januari 2023, chama cha Marekani cha madaktari wa ganzi ya sehemu na tiba ya maumivu kilitoa mwongozo unaotaka kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya kulazwa usingizi. Kilishauri pia kwamba upasuaji usio wa dharura usianze kabla ya saa mbili kupita tangu mgonjwa avute. Anayeitumia bangi mara kwa mara anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi ya ganzi, na maumivu yake baada ya upasuaji yanaweza kuwa makali zaidi. Mzee akinyamaza hapo, anayeumia ni yeye, akiwa amelala na hawezi kujitetea.

Hatusemi kwamba bangi haina faida. Mwaka 2017, Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi na kusema kuna ushahidi mzito kwamba inasaidia baadhi ya watu wazima wenye maumivu sugu, na kwamba dawa zinazotokana na kemikali zake hupunguza kichefuchefu cha tiba ya saratani. Mamlaka ya dawa ya nchi hii iliidhinisha dawa ya CBD mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali. Lakini haijaidhinisha pipi yoyote ya dukani kwa ajili ya usingizi, kwa ajili ya magoti wala kwa ajili ya kumbukumbu. Kijana anayeuza pale kaunta anaweza kuwa mkarimu na mjuzi wa bidhaa zake, ila hajui mzee aliye mbele yake anameza nini nyumbani. Anayejua, au anayepaswa kujua, ni daktari.

Kwa nini basi wazee hawasemi? Tumelizungumza hili kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote mkutanoni, na wakalimani ndio waliokuwa na mengi ya kueleza.

Sababu ya kwanza ni nani yuko chumbani. Mara nyingi mzee huingia kwa daktari na mjukuu wa miaka 13 aliyeachishwa shule siku hiyo ili atafsiri. Mnataka babu aseme nini mbele ya mtoto huyo? Aliyemfundisha sala, aliyemkataza sigara, sasa amtume amweleze daktari kwamba babu usiku anakula bangi? Atasema hapana, na kila mzee mwenye heshima zake angesema hapana. Tunatangaza kwa sauti kubwa, maana wengi hawajui: hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinatakiwa na sheria, ikiwamo ile ya haki za raia ya mwaka 1964 na ile ya bima ya afya ya mwaka 2010, kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na hazitakiwi kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwenye dharura. Mzee hana haja ya kuomba radhi kwa kudai mkalimani. Mtoto abaki shuleni.

Sababu ya pili inatugusa sisi wenyewe. Katika mji wenye familia 200 za Waswahili, mkalimani anayeingia chumbani huenda ndiye anayeimba kwaya pamoja na mgonjwa, au mumewe ndiye imamu wa msikiti. Mkalimani wa hospitali amefungwa na maadili ya kazi yake kutotoa siri, na anayetoa anastahili kufukuzwa. Lakini tunajua kiapo peke yake hakimwondolei mzee hofu. Kwa hiyo tunasema: mzee anaweza kumkataa mkalimani anayemfahamu bila kutoa sababu, na anaweza kuomba wa simu, aliyeko jimbo jingine, asiyemjua wala kumwona. Wanachama wetu wakikataliwa kwa njia hii wasichukulie kuwa ni dharau.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hatukulifikiria mpaka mwenzetu mmoja alipolisimamia. Tangu Aprili 2021, sheria imewapa wagonjwa haki ya kusoma maelezo ya daktari kwenye simu zao. Ni haki nzuri. Ila nywila ya akaunti ya bibi iko kwa mjukuu, maana ndiye aliyeifungua. Aliyoyasema bibi chumbani, nyumbani yanasomwa kabla hajafika. Mzee amuulize muuguzi nani anaweza kuona kumbukumbu zake, na aombe nywila ibadilishwe ikiwa hapendi.

Sababu ya tatu ni makaratasi ya uhamiaji na ya nyumba, na ndipo inaporudi ile sheria ya shirikisho ya mwaka 1970. Hapa hofu ya wazee ina msingi, na hatutawaambia waipuuze. Aprili 2019, idara ya uraia na uhamiaji ilieleza kwamba mambo yanayohusu bangi yanaweza kumzuia mtu kuonekana ana mwenendo mwema anapoomba uraia, hata kama jimbo lake limeiruhusu. Nyumba zinazolipiwa kwa ruzuku ya serikali ya shirikisho, ambamo wazee wetu wengi wanaishi, zinaweza kumkatalia mwombaji anayetumia bangi. Lakini daktari anayekutibu si afisa wa uhamiaji wala mwenye nyumba. Kumbukumbu za matibabu zinalindwa na sheria ya mwaka 1996, na daktari hawapelekei uhamiaji taarifa kwa sababu mgonjwa amekiri kula pipi. Tofauti moja ishikwe vizuri: daktari anayepima afya kwa ajili ya kadi ya ukaazi anafanya kazi hiyo kwa ajili ya maombi ya uhamiaji, na matokeo yake huenda kwao. Mzee ambaye bado hajawa raia aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kipimo hicho, na kabla ya kutumia chochote chenye THC. Hatumshauri mtu yeyote kusema uongo mbele ya afisa, kwa kuwa uongo nao ni kosa linalovunja maombi.

Kwa madaktari na wauguzi wenzetu tunasema hivi. Fomu inayoweka bangi kwenye mstari mmoja na heroini na kokeini haitajibiwa kwa ukweli na mwalimu mstaafu wa miaka 70. Muulizeni kwa heshima, mkiwa mmekaa, na mlango umefungwa. Anzeni na shida yake: analalaje, miguu inamwakaje usiku, ametumia nini kupata nafuu, iwe cha duka la dawa, cha kienyeji, au pipi na mafuta ya bangi. Mkishajibiwa, msigutuke na msimhubirie. Ulizeni ni miligramu ngapi, saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, ameanguka lini mara ya mwisho, na kama anaendesha gari. Msimkatie dawa zake za maumivu kama adhabu ya kusema ukweli, kwa sababu habari hiyo itafika kwenye mazishi na kwenye harusi zetu zote, na hakuna mzee mwingine atakayewaambia kitu. Na kama maumivu yake hayajatibiwa, yatibuni. Wengi wao walikwenda dukani baada ya kuambiwa mara nyingi kwamba ni uzee tu.

Kwa watoto wanaowanunulia wazazi wao: tunajua mnafanya kwa mapenzi, na tunajua uchungu wa kumsikia mama akitembea nyumba nzima saa tisa usiku. Lakini msimpe mzazi pipi hiyo bila kumwambia ni kitu gani. Kuna wazee waliofikishwa hospitali wakidhani wanakufa, kumbe wamekula kilichofichwa kwenye keki au kuitwa vitamini. Kumlevya mtu mzima bila ridhaa yake ni kumdhulumu, hata kama nia ni njema. Mtu anayeanza kusahau watu na siku hawezi kukumbuka kama ameshakula moja, kwa hiyo kopo lifungiwe. Lifungiwe pia kwa ajili ya watoto wadogo, wanaoona peremende.

Wanaosafiri kwenda nyumbani wakague mikoba ya wazee. Kopo lililonunuliwa kihalali Michigan ni dawa za kulevya likifika uwanja wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta, na hata kulipandisha ndege hapa ni kosa la shirikisho.

Masheikh na wachungaji, tunawaomba msibadilishe mafundisho yenu, ila muongeze sentensi moja: kumweleza daktari ukweli si dhambi. Ikitoka kwenu, wazee wataisikia kuliko ikitoka kwetu.

Kuanzia sasa, mwanachama wa chama hiki atakayeombwa na mzee amwandikie kwa Kiingereza orodha ya vitu vyote anavyotumia, pamoja na kiasi chake, ili aikabidhi kwa daktari mkononi mwake mwenyewe, atafanya hivyo bila malipo na bila kumwambia mtu.

Na kama mzee amekula pipi akazidiwa, anahema kwa shida, haamshiki, maumivu yanambana kifuani au ameanguka na kugonga kichwa, pigeni 911 na semeni alichokula. Ikiwa yu macho na mna wasiwasi tu, pigeni simu ya taifa ya ushauri wa sumu, 1-800-222-1222. Inapokelewa usiku na mchana, ni bure, na mnaweza kuomba mkalimani.